Hesi ikifa Rungwa, mechi nayo imekufa

KWA shabiki wa soka anayeishi Rungwa, viwanja vitatu vikubwa viko kwenye njia panda moja. Akishika njia ya Mwamagembe, Mitundu na Itigi anaelekea Singida, kwenye Uwanja wa Liti. Akishuka kusini kupitia Makongolosi na Chunya anaibukia Mbeya, kwenye Uwanja wa Sokoine. Akikata njia ya Ipole na Sikonge anafika Tabora, kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Vyote vitatu vimeonja mechi za Ligi Kuu miaka hii ya karibuni.

Ukiitazama ramani unaweza kumwonea wivu. Shida ni kufika huko. Rungwa ipo Halmashauri ya Itigi, Wilaya ya Manyoni, kwenye barabara ndefu ya Mkiwa, Itigi hadi Makongolosi ambayo ina zaidi ya kilomita 400. Upande mmoja kuna Pori la Akiba Rungwa, linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Huko wanakaa tembo, simba na nyati, na ndorobo wanaouma hata kupitia suruali ya jinzi. Kijiji na kijiji havijakaribiana, na ukikwama katikati hakuna wa kumpigia honi.

Ndiyo maana huku pikipiki ndiyo kila kitu. Inabeba mgonjwa, asali, mahindi na mbolea. Jumamosi jioni inabeba timu. Wachezaji 11 na akiba zao, kocha, mpira na ndoo ya maji, wote wanagawanywa kwenye boda saba au nane, wanatimua vumbi kwenda kijiji cha jirani kugombea mbuzi au jezi za diwani. Boda moja ikifa njiani, aliyepakiwa huenda ni kipa, na timu inaanza mechi na beki amevaa glavu.

Kinachoua boda hiyo mara nyingi ni kitu kidogo ambacho shabiki hakifikirii: hesi za tundu la plagi kwenye silinda hedi.

KIPANDE CHA SENTIMITA MBILI

Hesi ni ile mistari inayozunguka kwenye bolti au parafujo, inayoshikana na mistari ya tundu lake. Plagi ya pikipiki nayo imechongwa hesi, na silinda hedi ina tundu lenye hesi za kuipokea.

Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150, zile ambazo injini yake ilinakiliwa kutoka Honda CG, zinatumia plagi yenye unene wa milimita 12 kwenye hesi. Urefu wa hesi hizo ni milimita 19, haufiki sentimita mbili. Umbali wa hesi moja hadi nyingine ni milimita 1.25, kwa hiyo kuna mizunguko kama 15 tu inayoshikilia plagi isichomoke. Pikipiki nyingine ndogo, hasa za cc 110, zinatumia plagi nyembamba zaidi ya milimita 10.

Kazi ya mizunguko hiyo ni kubwa kuliko umbo lake. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, petroli inawaka ndani ya silinda mara 3,000 kwa dakika hiyohiyo. Kila ikiwaka inasukuma pistoni kwenda chini na inaisukuma plagi kwenda nje kwa msukumo wa makumi ya kilo. Kwa dakika 90 za mechi, hiyo ni mara 270,000. Beki gani anaweza kusukumwa mara 270,000 na asidondoke?

Tatizo ni kwamba pambano lenyewe halina uwiano. Plagi ni ya chuma kigumu. Hedi ni ya aluminiamu, ambayo ni laini, kwa sababu aluminiamu ni nyepesi na inapoza injini haraka. Vikigombana, plagi inatoka mzima na hedi ndiyo inayoumia. Plagi inauzwa karibu kila duka la spea. Hedi mpya ni hela ambayo dereva wa boda anaisikilizia wiki kadhaa.

HESI ZILIZOBEBA KOMBE LA DUNIA

Mwanasoka hapaswi kuiona hesi kama mambo ya gereji tu. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1954 huko Bern, Uswisi, ina sura ya hesi.

Hungary ya Ferenc Puskás ilikuwa haijapoteza mechi ya kimataifa tangu mwaka 1950, na kwenye hatua ya makundi ilikuwa imeichapa Ujerumani Magharibi mabao 8-3. Siku ya fainali, Julai 4, mvua ilinyesha na uwanja ukawa tope. Hungary ikatangulia 2-0 ndani ya dakika nane. Lakini Wajerumani walikuwa na fundi wa viatu kwenye msafara wao, Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, na njumu zake zilikuwa na meno ya kufungua na kufunga kwa hesi. Walifunga meno marefu yanayoshika tope. Mechi ikaisha 3-2, Ujerumani bingwa wa dunia.

Wapo wanaosema mvua ndiyo iliyoamua, wapo wanaosema ni moyo wa Fritz Walter na wenzake. Lakini hadithi ya meno ya Dassler haijawahi kutoka kwenye simulizi za fainali ile. Yeyote aliyewahi kuvaa njumu za meno ya kufunga anaijua pia shida yake: jino likiingizwa upande au likikazwa kwa hasira, hesi zake zinakufa, na kuanzia hapo kila mechi linadondoka. Tundu la plagi lina tabia hiyohiyo.

ZINAKUFAJE?

Mauaji ya hesi yana njia zake, na karibu zote zinapita kwenye mkono wa binadamu.

Ya kwanza ni kukaza kupita kiasi. Dereva anaona plagi ni kitu cha kubana mpaka mshipa wa shingo utoke. Wengine wanachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili wapate nguvu zaidi. Plagi ya milimita 12 kwenye hedi ya aluminiamu inahitaji nguvu ndogo sana. Kwa spana yenye mpini wa sentimita 20, ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo saba na nusu hadi 10 kwenye ncha yake. Kwa plagi ya milimita 10, ni kilo tano hadi sita tu. Mkono wa kijana anayebeba gunia la mahindi unapita hapo bila yeye kujua.

Ya pili ni kuingiza upande. Plagi haijakaa sawa, dereva ana haraka, anaweka spana na kuvuta. Spana haioni. Inaikata hesi mpya juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani inaondoka. Dawa ni rahisi: plagi ianze kwa vidole, izunguke mizunguko kadhaa bila kugoma, ndipo spana iguse. Ikigoma kwenye vidole, inatolewa na kuanzwa upya.

Ya tatu ni kufungua plagi injini ikiwa ya moto. Pikipiki imetoka Mitundu inachemka, inakohoa, na dereva anataka kusafisha plagi palepale. Aluminiamu inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na ikiwa ya moto inakuwa laini zaidi. Plagi iliyoganda inatoka na nyama ya hedi. Kusubiri ipoe ni kero, lakini ni kero ya nusu saa.

Ya nne ni vumbi. Barabara ya udongo inajaza mchanga kuzunguka plagi. Ukiifungua bila kupuliza kwanza, mchanga unaingia kwenye hesi na mwingine unatumbukia ndani ya silinda. Unapofunga tena, mchanga ule unasaga.

Ya tano inawapata wengi bila kujua: plagi isiyo ya injini hiyo. Ikiwa fupi, hesi za chini kwenye hedi zinabaki wazi na kujaa masizi. Siku ikiwekwa plagi sahihi, inagonga masizi hayo, inagoma, dereva anaongeza nguvu, na kifo kinatokea hapo. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, hesi zake zinaning'inia ndani kwenye moto, na inaweza hata kugongwa na pistoni.

Dalili zinaanza mapema. Kwanza ni mlio wa pumzi, chwi-chwi-chwi, unaofuata mapigo ya injini. Kisha weusi wa mafuta unaonekana kuzunguka plagi. Mlima uliokuwa unapandwa na abiria mmoja kwa gia ya tatu unaanza kudai ya pili. Mwisho kabisa plagi inazunguka bila kufika mwisho, na siku moja inachomoka kwa kishindo, inatoka na kofia yake, na pikipiki inanyamaza. Ikitokea hapo mjini, dereva anasukuma. Ikitokea kwenye pori kati ya Mwamagembe na Rungwa saa 12 jioni, na abiria ni winga wa miaka 17, hayo ni mambo ya kuombeana dua.

DAWA ZA KIJIWENI

Kijiwe chochote cha boda kina madaktari wake, na kila mmoja ana dawa.

Wapo wanaozungushia plagi tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Wapo wanaochukua waya mwembamba wa shaba au kipande cha bati la kopo na kuviringisha kwenye hesi ili plagi ipate kubana. Wapo wanaopaka gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili. Na wapo wale wa mwisho, wanaopeleka kwa mchomeleaji wa mageti waikaange plagi kwenye hedi kwa mashine ya umeme.

Kauli inayoambatana na dawa hizi ni moja: "Kaza hivyohivyo, itafika." Na ukweli ni kwamba mara nyingine inafika. Dawa ya shaba imemtoa mtu porini na kumfikisha nyumbani, hilo halina ubishi. Kosa linaanza kesho yake, dereva anapoona pikipiki inawaka na kuamua kwamba imepona.

Sehemu inayozunguka plagi kwenye hedi inayopozwa kwa upepo hupita joto la nyuzi 150. Gundi haidumu hapo kwa msukumo wa mara 3,000 kwa dakika. Tepu nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini ubaya mkubwa hauonekani kwa macho. Plagi inatoa joto lake kupitia kalio lake na hesi zake kwenda kwenye hedi. Ikivalishwa tepu au ikikaa imelegea, joto linakosa njia. Ncha ya plagi inakuwa kaa la moto, inawasha petroli kabla ya wakati wake, na mwisho wa hadithi hiyo ni pistoni yenye tundu. Tatizo la hesi 15 limegeuka kuwa la injini nzima.

Kuhusu kuchomelea kwa mashine ya mageti: chuma cha plagi na aluminiamu ya hedi havishikani kwa ule moto. Kinachotokea ni hedi kuyeyuka na kupinda, halafu plagi nayo haitoki tena.

OPERESHENI YENYEWE

Hesi zilizokufa zinatibika, na zikitibiwa vizuri zinakuwa imara kuliko za kiwandani. Siri ni kuweka chuma mahali palipokuwa na aluminiamu.

Kabla ya kupasua, fundi mzuri anapima ugonjwa. Kama hesi zimechafuka tu, au ule mzunguko wa kwanza ndio uliopinda, haitaji operesheni. Anapitisha tapu, kile chuma cha kukatia hesi, chenye saizi ileile ya plagi. Anapaka grisi kwenye mifereji ya tapu ili masizi na chembe zinase humo, anazungusha taratibu kwa mkono, anarudi nyuma, anatoa, anafuta, anarudia. Plagi ikiingia kwa vidole hadi chini, kazi imeisha.

Kama mizunguko mingi imeondoka, kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni springi ya hesi. Ni waya wa chuma cha pua uliosokotwa kama springi fupi, wenye hesi ndani na hesi nje. Tundu lililoharibika linapanuliwa, linakatwa hesi mpya kwa tapu maalumu inayokuja na seti ya springi hizo, kisha springi inaingizwa kwa kuzungushwa mpaka izame kidogo chini ya uso ambao plagi inakalia. Kijino cha kuishikia kinaondolewa kwa koleo na kutolewa nje. Ndani ya springi hiyo plagi ya saizi ileile ya zamani inaingia kama kawaida.

Anayedhani hiyo ni dawa ya maskini aangalie angani. Ndege ndogo za injini za pistoni, kama zile zinazotua kwenye viwanja vya udongo vya mbugani, zina springi za namna hii kwenye matundu ya plagi tangu zinatoka kiwandani. Watengenezaji waliona mapema kwamba plagi inayofunguliwa mara kwa mara haifai kukaa kwenye aluminiamu tupu.

Njia ya pili ni bushi. Hiki ni kipande kizima cha chuma kilichochongwa kwenye mashine ya kereza, chenye hesi nje na ndani, na ukingo juu unaozuia kisizame. Kwa tundu la plagi mafundi wengi wanaipenda kuliko springi, kwa sababu ikifungwa vizuri haitoki pamoja na plagi siku ya kubadilisha. Kereza ni kitu cha mjini, kwa hiyo hedi inafunguliwa na kusafirishwa kwenye basi ikiwa imefungwa kwenye kiroba.

Njia ya tatu ni kujaza tundu lote kwa aluminiamu kwa kuchomelea kwa gesi ya agoni, kisha kulitoboa na kulikata hesi upya. Inafaa pale nyama yenyewe ya hedi imepasuka au tundu limeshatanuliwa mno. Inahitaji mchomeleaji anayeijua aluminiamu, na baadaye uso wa hedi unapaswa kukaguliwa kama haujapinda, maana joto la kuchomelea halichagui pa kupita.

Katika njia yoyote, kuna mambo matano ambayo fundi wa kweli hayakwepi.

Moja, hedi inafunguliwa na kuwekwa mezani. Kutoboa hedi ikiwa juu ya injini ni kudondosha chembe za chuma ndani ya silinda, na chembe moja inatosha kuchana ukuta wa silinda. Pikipiki ikianza kutoa moshi wa bluu wiki mbili baadaye, mwenyewe anamlaumu aliyemuuzia oili.

Mbili, drili inasimama wima. Tundu likilala upande hata kidogo, plagi haikai kwenye kalio lake na pumzi inaendelea kuvuja. Drili ya kusimama mezani ni bora kuliko ya mkononi.

Tatu, tapu inakatwa kwa subira. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta kidogo, chembe zitoke. Anayelazimisha anavunjia tapu ndani ya hedi, na tapu ni chuma kigumu kuliko keekee ya kawaida. Hapo ndipo hedi inapouzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Nne, urefu wa springi au bushi unalingana na hesi za hedi. Ikichungulia ndani kwenye chumba cha moto, ile ncha inakuwa kaa na kuwasha petroli kabla ya wakati.

Tano, hedi inarudishwa na gasketi mpya, nati zake zinakazwa kwa msalaba na kwa awamu, kidogokidogo, kisha nafasi ya vali inapimwa upya. Plagi mpya inaingizwa kwa vidole mpaka iguse, ndipo spana inaongeza nusu mzunguko ili washa yake ibonyee. Iliyokwishatumika inahitaji kuguswa tu.

Matibabu hayahaya yanafaa kwa matundu mengine ya hedi yanayokufa hesi: bolti za kushika egzosi, ambazo zikifa pikipiki inanguruma kama trekta, na bolti ndogo za vifuniko vya vali, ambazo zikifa oili inamwagikia goti la dereva.

RONALDO ALIWAFUNDISHA WOTE

Haraka ya kurudi kazini ndiyo inayoharibu operesheni nyingi, na soka ina mfano mkubwa kuliko wote.

Novemba 1999, Ronaldo, yule Mbrazili wa Inter Milan, aliumia goti la kulia akafanyiwa upasuaji. Aprili 12, 2000 alirudi uwanjani akitokea benchi kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio jijini Rome. Alicheza dakika chache tu. Alipojaribu kumpita beki, goti likaachia lenyewe, bila kuguswa na mtu, na akadondoka akipiga kelele. Safari hii alikaa nje muda mrefu zaidi. Alipopona sawasawa, dunia ilimwona mwaka 2002 kule Korea Kusini na Japan: mabao manane, mawili yakiwa kwenye fainali dhidi ya Ujerumani.

Tundu la plagi linapewa nafasi chache kama goti. Likitibiwa mara moja kwa usahihi, linasahaulika. Likitibiwa kwa shaba, kisha gundi, kisha plagi nene iliyolazimishwa, kila dawa inakula nyama nyingine ya hedi, mpaka siku fundi akiletewa anakuta hakuna pa kushikisha bushi. Fundi huyo ndiye anayeitwa ghali, wakati waliomtangulia ndio waliomaliza hedi.

HESABU YA BOSI

Serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, na tangu hapo bodaboda ni ajira inayotambulika. Lakini vijana wengi wanaoziendesha si wenye nazo. Kuna anayepeleka hesabu ya bosi kila jioni, na kuna aliye kwenye mkataba, analipa kidogokidogo mpaka pikipiki iwe yake. Mkataba haujui kama hesi zimekufa. Siku tatu bila kazi ni siku tatu za deni.

Ndiyo maana dereva anaichagua tepu. Si kwamba haijui hasara yake. Anatazama mfukoni, anatazama saa, anaona abiria anasubiri. Bushi inadai hedi ifunguliwe, isafirishwe, irudi, inunuliwe gasketi. Hapa ndipo timu za vijijini zinapoingia, kwa sababu nazo ni wateja. Mfuko wa timu unanunua mpira, unanunua chokaa ya mistari, unamlipa mwamuzi nauli. Mara chache unakumbuka kwamba basi la timu ni boda nane, na kwamba seti moja ya tapu na springi za saizi mbili, milimita 10 na milimita 12, ikikaa kwa fundi mmoja wa kijiji inaweza kuhudumia pikipiki za kata nzima kwa misimu kadhaa.

Soka haina huruma kwa anayechelewa. Timu isipofika uwanjani, wapinzani wanapewa pointi tatu na mabao matatu, na hakuna kamati itakayokaa kujadili plagi. Ligi ya wilaya ndiyo ngazi ya chini kabisa ya ngazi ndefu inayoishia Ligi Kuu. Mkoa huu umeshaona ngazi hiyo ikipandwa: Singida United ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18 na mwisho wa msimu huo ikacheza fainali ya Kombe la FA, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Singida Big Stars ilipanda msimu wa 2022/23, ikamaliza nafasi ya nne, na baadaye kwa jina la Singida Fountain Gate ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Kijana wa Rungwa mwenye kipaji yuko mbali na macho ya maskauti kuliko wa Singida mjini. Nafasi yake ya kuonekana ni mechi mbili tatu kwa mwaka, Itigi au Manyoni. Akizikosa kwa sababu ya boda iliyokwama, hakuna atakayejua kwamba alikuwepo.

Kabla ya safari kama hiyo, ukaguzi ni wa dakika 10, na unafanywa injini ikiwa imepoa. Vumbi linapulizwa kuzunguka plagi. Plagi inajaribiwa kwa spana fupi kama inacheza. Injini inawashwa na sikio linatega mlio wa pumzi. Weusi mpya wa mafuta unatafutwa kwenye shingo ya plagi. Plagi ya akiba inayolingana na ya injini, spana yake na kitambaa vinawekwa chini ya siti. Abiria ni mmoja na helmeti yake. Mshikaki wa watu watatu unailazimisha injini ndogo kuvuta mzigo ambao hedi inaulipia kwa joto.

Pikipiki ikionekana na dalili, inabaki kijijini hata kama aliyepangiwa kupanda ni nahodha. Nahodha atahamishiwa nyingine, na mwenye pikipiki atapeleka hedi kwa mkerezaji Jumatatu.